Kabla ya kununua Husky, jua kazi aliyozaliwa nayo

Wewe unayemmezea mate yule mbwa wa macho ya samawati kwenye TikTok, hebu tuongee kidogo. Tunajua ilivyokuwa. Video ilipita kwenye simu yako: Husky amekaa juu ya kochi, anabishana na mwenyewe kwa sauti ya ajabu, na watu elfu kadhaa wanacheka kwenye maoni. Kabla hujalala ukawa umeshaingia kwenye kurasa za wauzaji. Kuna kitoto Ruaka, kuna kingine Syokimau, na muuzaji yuko tayari kukuletea hadi mlangoni kwa boda. Bei ni makumi ya maelfu ya shilingi, lakini anakubali ulipe mara mbili.

Maoni yetu ni mafupi: usinunue bado. Si kwamba huyo mbwa ni mbaya, wala sisi si wale wazee wanaosema kazi ya mbwa ni kulinda geti na kula ugali uliobaki. Shida ni kwamba wengi wananunua sura. Wanalipa pesa nyingi kumleta nyumbani mfanyakazi hodari ambaye hawana kazi ya kumpa. Na wewe unajua vizuri kuliko mtu yeyote vile kukaa nyumbani bila kazi kunavyomfanya mtu.

Tuanze na kazi yenyewe. Siberian Husky alitoka kaskazini-mashariki mwa Siberia, kwa jamii ya Wachukchi, waliomtumia kuvuta sleji. Sleji ni kigari kisicho na magurudumu, kinachoteleza juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizo chini yake. Ni kazi ya kale mno. Katika kisiwa cha Zhokhov, kaskazini mwa Siberia, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya sleji na ya mbwa waliokufa yapata miaka 9,500 iliyopita, na chembe za urithi za mmoja wao zinaonyesha ana udugu na mbwa wa sleji wa leo. Hapo piramidi za Misri zilikuwa bado maelfu ya miaka mbele.

Kwa hivyo kila kitu unachokipenda kwenye mwili wa Husky kina sababu. Manyoya yale ni tabaka mbili: la ndani laini kama pamba la kushika joto, na la nje refu la kuzuia theluji na upepo. Mkia wa kichaka ni wa kufunika pua anapolala nje usiku. Hata umbo lake, ambalo si kubwa vile picha zinavyodanganya, ni la kazi. Dume haliziti kilo 27 hivi, kwa sababu aliumbiwa kuvuta mzigo mwepesi kwa mwendo mzuri masafa marefu. Ndugu yake mkubwa, Malamute wa Alaska, ndiye wa kuvuta mizigo mizito polepole. Na ukienda kwenye mashindano makubwa ya leo utashangaa, maana wengi wanaoshinda hawana sura ya kalenda. Wanaitwa Alaskan husky, mchanganyiko wa damu nyingi, wengine wembamba na masikio yamelala, na hawaulizwi karatasi za ukoo. Wanaulizwa kama wanavuta.

Sasa sikiza kisa cha Togo. Huyu alizaliwa Alaska mwaka 1913, katika banda la Leonhard Seppala, mhamiaji kutoka Norway aliyekuwa dereva stadi wa mbwa. Togo alikuwa mdogo, mgonjwamgonjwa, na msumbufu kupindukia. Seppala akaona hafai, akampa mtu awe mbwa wa kufugwa nyumbani. Inasimuliwa kwamba hakukaa zaidi ya wiki chache. Aliruka akapita katikati ya kioo cha dirisha, akakimbia kilomita kadhaa hadi bandani. Baada ya hapo akawa anawatoroka walinzi wake na kuwafuata wenzake njiani, akiwachokoza na kuharibu msafara. Alipokuwa na miezi minane Seppala alichoka naye, akamvisha mikanda ya kuvutia ili tu atulie. Akatulia. Siku hiyo hiyo alikimbia zaidi ya kilomita 100 na kumaliza akiwa mbele pamoja na kiongozi.

Soma tena hapo. Mbwa aliyevunja dirisha la nyumba nzuri, yenye chakula na watu wa kumbembeleza, hakuwa na tabia mbaya. Alikosa kazi.

Miaka kumi na kitu baadaye, Januari 1925, ugonjwa wa dondakoo ulizuka katika mji wa Nome, pwani ya Alaska, na dawa ikawa imekwisha. Bandari ilikuwa imefungwa na barafu, na ndege za wakati huo hazingeweza kuaminiwa katika baridi ile. Dawa ilipelekwa kwa treni hadi Nenana, kisha madereva 20 na mbwa wapatao 150 wakapokezana kijiti kwa kilomita karibu 1,085, baridi ikishuka chini ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Walifika kwa siku tano na nusu. Togo, akiwa na umri wa miaka 12 ambao kwa mbwa ni uzee, aliongoza timu ya Seppala kwa kilomita 420 kwenda na kurudi. Lakini aliyeingia Nome na dawa alikuwa Gunnar Kaasen, timu yake ikiongozwa na Balto, na kamera humpenda anayefika. Kabla mwaka haujaisha Balto alikuwa na sanamu yake katika bustani ya Central Park, New York.

Na kilichofuata je? Sifa zilipopoa, Balto na wenzake waliuzwa, wakaishia kwenye maonyesho ya uchochoroni Los Angeles, wamefungwa, wamekonda, watu wanalipa senti kuwaangalia. Mwaka 1927 mfanyabiashara mmoja wa Cleveland aliwaona, akaanzisha mchango, na watu wa mji huo, wakiwemo watoto wa shule, wakachanga pesa za kuwanunua. Walimaliza maisha yao katika hifadhi ya wanyama ya Cleveland. Kama kuna mbwa aliyewahi kuvuma kisha akatupwa, ni huyo, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuposti.

Hadithi za mashujaa huwa zinaruka sehemu ngumu, nayo ni mafunzo. Jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba sleji haina usukani na mbwa hawana hatamu. Dereva anasimama nyuma na breki ya kukanyaga, pamoja na nanga ya chuma ya kuchoma kwenye theluji anaposimama. Basi. Mbwa kumi na wanne mbele yake, wamefungwa wawili wawili kwenye kamba moja ndefu ya katikati, na kinachowaelekeza ni sauti. Fikiria punda wa mkokoteni pale Gikomba, halafu umwondolee kiboko, kamba na mtu wa kumvuta, kisha umwambie tu "kulia" apinde. Hutamfikisha huko kwa kumchapa. Mbwa anayeogopa hutazama nyuma, na anayetazama nyuma havuti.

Madereva wanaotumia Kiingereza wana maneno yao: "gee" ni kulia, "haw" ni kushoto, "hike" ni twende, "whoa" ni simama. Lile la "mush" la kwenye filamu wengi hawalitumii. Maneno hayana uchawi, ila yamechaguliwa kwa akili, kwa sababu hayafanani kwa sauti. Hapo ndipo wewe ukisema "kulia" na "kushoto" utajichanganya na mbwa wako, maana yote mawili yanaanza na "ku" na mbwa hushika mwanzo wa neno. Heri useme "lia" na "shoto", au ubuni yako. Amri muhimu kuliko zote huenda ikawa ile ya "pita": kuna paka, kuna mbwa mwingine, kuna mtoto ana mandazi, nasi tunaendelea na safari.

Wanaotangulia mbele ni viongozi, wanaosikiliza na kuamua. Nyuma yao ni wanaosaidia kupinda kona, kisha kundi la katikati, na mwisho kabisa, karibu na sleji, wale wenye mabavu na utulivu wa kutoshtushwa na kitu kinachowafuata kwa kelele. Si kila mbwa anaweza kuongoza. Kiongozi mzuri hata hukataa amri akihisi barafu iliyo mbele ni nyembamba, na dereva mwenye busara hagombani naye.

Kitoto cha mbwa hakianzi kwa kuvuta. Huanza kwa kukimbia huru nyuma ya wakubwa, kuzoea njia, maji na kelele. Akifika miezi sita hadi minane huvishwa mikanda, akaburuta kitu chepesi kama kigogo kidogo, au akafungwa kando ya mbwa mzee mwenye subira, kwa mwendo mfupi tu. Mzigo wa maana husubiri mifupa na viungo vikomae, na wengi hungoja apite mwaka mmoja, hata miezi 18. Somo gumu kuliko kukimbia ni kusimama: kukaa mbele, kamba imenyooka, mwili unatetemeka kwa hamu, lakini hakuna kuondoka hadi neno litoke.

Halafu kuna mazoezi ya mwili, na hapa Mkenya hahitaji mwalimu. Nani aliamka siku moja Iten akakimbia kilomita 42? Msimu wa vuli, kabla theluji haijaanguka, timu hufungwa kwenye pikipiki ya magurudumu manne na kuivuta kilomita chache kwa mwendo wa taratibu. Wiki baada ya wiki masafa yanaongezwa, na mapumziko nayo yanaongezwa. Kwenye mbio ndefu wengi hukimbia saa sita na kupumzika saa sita. Mbwa wa mashindano hayo anaweza kula kalori 10,000 kwa siku, mara nne ya mahitaji ya mwanamume mzima wa kawaida, nyingi zikiwa mafuta na nyama. Anavishwa visoksi vya kitambaa ili theluji isimkate nyayo, na dereva huamka usiku kuzibadilisha, mguu mmoja baada ya mwingine. Piga hesabu: mbwa 14, miguu 56. Ukiona anayelala ni mbwa na anayekesha ni mtu, ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mashindano yanayojulikana zaidi ni Iditarod, kutoka Anchorage hadi Nome, kama kilomita 1,600, yaliyoanza mwaka 1973. Libby Riddles alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda, mwaka 1985, akifuatwa na Susan Butcher aliyeshinda mara nne kati ya 1986 na 1990. Sheria zinalazimisha mapumziko ya saa 24 mara moja na ya saa nane mara mbili, na madaktari wa mifugo wapo vituoni.

Hata hivyo hatutakuficha. Mbwa wamekufa katika mbio hizo. Mwaka 2024 pekee walikufa watatu, na watetezi wa wanyama wamekuwa wakitaka zikomeshwe, wakihoji pia maisha ya mbwa wanaofungwa kwa minyororo nje ya msimu. Sisi tunaona hoja yao ina uzito, hasa kwenye mbio za masafa hayo ambapo zawadi na majina vinashindaniwa. Lakini anayesema kuvuta kwenyewe ni mateso hajawahi kuona mbwa hawa dakika moja kabla ya kuondoka. Wanaruka, wanapiga kelele, wanang'ata kamba kwa kukosa subira. Ukatili upo, ndiyo. Uko kwa anayemlazimisha aliyechoka, na uko vilevile kwa anayemfungia ndani yule anayetaka kukimbia.

Na hapo tunarudi Nairobi. Chumba kimoja na sebule, ghorofa ya nne, balkoni ya kuanika nguo. Unaondoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi saa mbili usiku umechoka na jam. Huyo mbwa amefanya nini saa 14? Amekula kochi, amechimba godoro, ameimba. Husky habweki sana, lakini hulia kama mbwa mwitu, na jirani wa ploti hana habari kwamba huo ni urithi wa Siberia. Anampigia keateka. Ukimtoa nje bila kamba anatimua mbio na harudi, kwa sababu vizazi na vizazi alichaguliwa kwa kwenda mbele. Kuku wa mtu akikutana naye, utalipa.

Halafu joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kuhema, na jasho kidogo kwenye nyayo. Wanaowafunza mbwa wa kuvuta katika nchi za baridi huahirisha mazoezi mazito joto likivuka nyuzi 15 hivi. Nairobi saa saba mchana mwezi wa Februari inaweza kufika 27 au zaidi, Mombasa usiseme. Wala usimnyoe ukidhani unamsaidia. Manyoya yale humkinga na jua pia, na yakinyolewa huenda yasiote tena vizuri.

Haya hayajatokea Kenya pekee. Tamthilia ya Game of Thrones ilipovuma, watu Uingereza na Marekani walikimbilia mbwa wanaofanana na wale wa kwenye filamu, na baadaye makao ya mbwa yakajaa Husky walioachwa. Mwaka 2017 mwigizaji Peter Dinklage alilazimika kutoka hadharani kuwaomba mashabiki waache kununua bila kufikiri. Wauzaji wetu hawakusikia, au walisikia wakaona soko.

Lakini usifikiri tunakuambia ukae kitako. Mchezo wenyewe unaweza kuucheza, na mfano mzuri hautoki Alaska. Unatoka Jamaica. Katikati ya miaka ya 2000 kisiwa hicho kisichojua theluji kilianzisha timu ya mbwa wa kuvuta, na mbwa waliotumika kisiwani walikuwa wa kuokotwa mitaani. Walivuta kigari cha magurudumu kwenye udongo. Kijana mmoja wa timu hiyo, Newton Marshall, alipelekwa kaskazini kujifunza kwa mabingwa, akamaliza mbio za Yukon Quest mwaka 2009 na Iditarod mwaka 2010. Sisi tuliokuwa na Philip Boit kwenye skii huko Nagano mwaka 1998 hatuna haki ya kucheka.

Mchezo unaokufaa wewe unaitwa kanikrosi: unakimbia, na mbwa anakimbia mbele akiwa amefungwa kwenye mkanda wa kiunoni mwako kwa kamba inayonyumbulika. Ulianza kama njia ya kuwafanyisha mbwa wa sleji mazoezi pasipo theluji, na sasa una mashindano yake, Ulaya hasa, na mbwa wa kila aina wanashiriki. Koko wa mtaani mwenye afya, kilo 18 au 20, manyoya mafupi, anavumilia joto letu kuliko Husky yeyote. Unachohitaji ni mikanda ya kifuani isiyobana koo wala mabega (kola ya shingoni si ya kuvutia, acha kabisa), mkanda mpana wa kiuno chako na kamba ya kama mita mbili yenye sehemu ya mpira. Fundi wa mabegi mwenye cherehani nzito anaweza kukushonea ukimpelekea mfano.

Toka saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne. Weka mgongo wa mkono kwenye lami sekunde tano, na ikikuchoma hata nyayo zake zitaungua. Afadhali udongo. Karura wanaruhusu mbwa waliofungwa kamba. Anza na kilomita moja, nusu ya kutembea. Mpe maji kidogo kidogo, usimlishe shibe kabla ya kukimbia, na akianza kuyumba, ulimi kuwa mwekundu sana au mate kuwa mazito, simama, mweke kivulini, mwagie maji tumboni na miguuni, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa si hiari, na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhusu mwenye mbwa wa mapambo sawa na mwenye punda.

Kama tayari una Husky, hatukulaumu. Mpe kazi hiyo hiyo, alfajiri na jioni baada ya jua kuzama, kila siku, hata ile siku ambayo Arsenal inacheza. Kama ratiba yako haikubali, tafuta mapema mtu mwenye uwanja na ukuta mrefu, akiwezekana wa Limuru au Tigoni kwenye baridi, kabla mbwa hajawa kesi kwa landilodi.

Na kama bado huna, ile pesa ya kitoto cha Ruaka iache M-Pesa kwanza. Jumamosi nenda kwa KSPCA pale Karen, ambako mbwa waliookolewa wanasubiri wa kuwachukua. Usiulize mwenye macho ya samawati. Omba kumtembeza mmoja uwanjani, kisha mwingine. Yule anayevuta kamba hadi bega linakuuma, yule ambaye kila mtu amemrudisha kwa sababu ya kuvuta, uliza jina lake.